Siku Niliyomkalia Mama Mkwe

Jamani, kuna watu waliokutana na mama mkwe wao kwa mara ya kwanza kanisani, wengine kwenye harusi, wengine wodini mtoto akizaliwa, lakini mimi wa kwangu nilikutana naye kwa kumkalia. Ndiyo, mmesikia vizuri, nilimkalia mapajani, mimi mzima na suruali yangu ya miguu mipana (miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha, na suruali ambayo haikufagia barabara haikuhesabiwa kuwa suruali), mchana kweupe, mbele ya basi zima la watu wanaonijua kwa jina. Kuna watu Isiolo wanaoisimulia hadithi hii mpaka leo na wanaongeza chumvi, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, maana haihitaji chumvi hata punje.

Kwanza mjue kwamba kwetu Meru mama mkwe si mtu wa kuchezewa. Ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani mpaka apite. Humpi mkono, huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake hata kama njaa inakuua, mpaka siku mbuzi wa kuondoa aibu hiyo atakapochinjwa, na hata baada ya mbuzi bado unamwangalia viatu tu. Na msidhani ni sisi peke yetu. Isiolo ni mji wa makabila, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, na karibu kila mmoja ana mkwe anayemkimbia kwa namna yake. Ukiona mwanamume mzima anaruka ua wa soko na hakuna mbwa nyuma yake, jua tu mama mkwe anapita.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa redio, nimekaa kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, meza yangu imejaa nyaya na matumbo ya redio za watu. Jina langu ni Kithinji lakini mji mzima uliniita Fundi. Kazi niliijua, sitaki kujisifu, ila nilikuwa na ugonjwa wa mafundi wote duniani, yaani neno "kesho". Mteja akija namwambia kesho. Akija kesho, namwambia kesho. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiborana, Mzee Guyo wa Bulapesa, redio yake ilikaa kwangu mpaka kuku wa mwenye duka akaanza kutagia ndani yake, na mimi nikamwachia kuku kwa sababu mayai yalikuwa mazuri.

Basi nikampenda Nkirote. Nkirote alikuwa mwalimu wa watoto wadogo hapo mjini, tukakutana kwenye kwaya (mimi niliimba sauti ya nne, ingawa mwalimu wa kwaya aliniomba mara kwa mara niwe nafungua tu mdomo). Tukakubaliana, baba yake huko milima ya Nyambene akakubali, lakini mama yake, aka, mama yake alikuwa amegoma. Alikuwa ameambiwa kwamba vijana wa Isiolo ni wazururaji, wanashinda wakizunguka bila kazi. Nkirote aliniambia wazi, "Baba akikubali ni maneno, mama akikubali ni ndoa." Wazee wangu walikuwa wapande huko Jumamosi kupeleka vitu, na kwetu siku hiyo mengi yanajadiliwa, asali, mbuzi, ng'ombe, ila blanketi la mama halijadiliwi. Mama akilipokea, una mke. Akilirudisha, unamaliza uji wako unarudi ulikotoka.

Ijumaa, siku moja kabla, Baba mdogo (ndugu ya marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu) akaniita akaniambia, "Kithinji, funga hiyo meza yako. Nenda ununue blanketi, blanketi la heshima, halafu uende nyumbani ujifungie. Mwenye kuchumbia kesho hazururi leo." Nikasema ndiyo baba. Nikafunga meza, nikanunua blanketi la sufu, zito, jekundu lililokolea, lina mstari mweusi pembeni, la kulalia baridi ya milimani. Nikalitia kwapani nikaelekea nyumbani. Mpaka hapo mimi ni mtoto mzuri, shahidi ni Mungu.

Sasa basi. Wiki ile ile tajiri mmoja wa mjini alikuwa amerudisha basi lake kuukuu ambalo barabara za kaskazini zilikuwa zimelivunja kiuno, na badala ya kuliuza vyuma akaamua lizunguke mji, Soko, Bulapesa, Kambi ya Juu, Checheles, Tullu Roba, halafu Soko tena, kutwa kucha. Isiolo haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho, basi linalokutoa mahali na kukurudisha pale pale! Na ili watu walizoee, ilitangazwa kwamba wiki hiyo ukilipa nauli mara moja unakaa mpaka uchoke. Kulikuwa na watu waliopanda na uji wao kwenye chupa. Kulikuwa na bibi aliyesema amekuja kupunga upepo wa goti linalomuuma.

Basi likapita mbele yangu, nusu tupu, madirisha wazi, na Ekai, kijana wa Kiturkana aliyekuwa kondakta, ananing'inia mlangoni anaita, "Fundi! Panda tuone mji, Fundi! Kesho utakuwa mtu wa watu!"

Nikasimama. Nikaangalia njia ya nyumbani. Nikaangalia basi. Nikajiambia, mzunguko mmoja tu.

Wenzangu, raha niliyoipata sijawahi kuipata tena! Nilikuwa nimekaa Isiolo miaka na miaka na sikuwahi kuiona nikiwa nimeketi. Nikachukua kiti cha nyuma kabisa, kile kirefu cha kukaa watu wengi, nikaweka blanketi kando yangu kama mke mdogo, upepo unanipiga usoni, naona Bulapesa na milango yake ya mabati iliyopakwa rangi ya samawati, naona Kambi ya Juu na wanawake wa Kiturkana wanasuka vikapu, watoto wanatukimbiza wakipiga makelele nami nawapungia mkono kama waziri aliyekuja kufungua kisima. Kule Checheles ngamia aliingiza kichwa dirishani akamtazama bibi wa upepo wa goti, bibi akamsalimia. Tullu Roba nikanunua mahindi ya kuchoma bila kushuka. Tuliporudi Soko moyo ukaniambia, Kithinji, umeona upande wa kushoto tu, wa kulia je? Nikazunguka tena. Halafu nikasema huo wa pili jua lilikuwa machoni sikuona vizuri, wacha nirudie. (Hivyo ndivyo mtu anavyopotea, si kwa dhambi kubwa, ni kwa vizunguko vidogo vidogo.)

Mzunguko wa tatu, pale Soko, watu walikuwa wametoka swala ya Ijumaa basi likajaa kiasi, halafu akapanda mama mmoja. Mfupi, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, raba miguuni, kiondo cha ndizi mgongoni kimening'inia kwa kamba kwenye paji la uso, na kwa kiondo hicho peke yake nikajua huyu ni wa kwetu Nyambene. Nikafurahi! Nikajinyoosha nimsalimie Kimeru. Kabla sijafungua mdomo akamwambia Ekai kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde:

"Wewe mtoto, hii gari inafika kwa fundi ya maredio? Anaitwa Kithinji. Kesho anakuja kwangu na wazee, anataka kuoa mtoto yangu. Nataka nimuone akiwa hajajua anaonwa."

Meza yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipopandia, lakini angejuaje? Naona injini yenyewe ilishusha sauti. Halafu, polepole, vichwa vyote vikaanza kugeuka nyuma, kimoja kimoja, vya vilemba, vya kofia, vya shanga, macho yote kwangu. Nami nimekaa na hindi mdomoni.

Nikaweka kidole midomoni. Nikawaomba kwa macho. Na hapa ndipo nilipoipenda Isiolo kwa moyo wangu wote, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama Halima, Msomali muuza maziwa aliyekuwa mbele yangu, alivuta pumzi akasema chinichini, "Soddoh!" (ndivyo wao wanavyomwita mama mkwe), akachukua blanketi langu mwenyewe akanitupia kichwani likanifunika mpaka viatu. Giza.

Nikamsikia Ekai anatafuta maneno. "Fundi? Ee, Fundi... Fundi amesafiri, mama."

"Amesafiri wapi na kesho anakuja kwangu?"

"Amesafiri... kwenda huko kwako."

Mtu akakohoa kuzuia kicheko. Basi likaondoka, mama akashusha kiondo, na nilipodhani sasa atakaa huko mbele tukimbizane na bahati, nikasikia, "Na huyo amefunikwa huko nyuma?"

"Mgonjwa," wakajibu watu wengi kwa pamoja. Mama Halima akaongeza, "Malaria, dada yangu. Ile mbaya, ya kichwa. Usikaribie."

Kosa! Mwanamke wa Kimeru ukimwambia kuna mgonjwa usikaribie ni kama umemwita kwa filimbi. "Malaria naijua," akasema, "imenilelea watoto," nikasikia raba zinakuja, chwa chwa chwa, na kile kiti kirefu kikabonyea kando yangu. Mama mkwe wangu ameketi nami kiti kimoja. Nikajisogeza kwenye dirisha mpaka chuma kikaniingia mbavuni.

Akaniwekea mkono kichwani juu ya blanketi. "Uui! Anachemka huyu!" Sasa si nitachemka, blanketi la sufu, Isiolo, saa nane mchana, hata wewe ungechemka ukiwa jiwe. Jasho lilikuwa linatiririka mpaka ndani ya soksi. Akaanza kuniombea kwa Kimeru, sala ndefu, sala tamu kwa kweli, ya kumwomba Mungu amkumbuke kijana huyu ambaye mamake hayuko hapa, na mimi huko gizani machozi yakanitoka. Sijui ilikuwa aibu, sijui ilikuwa joto. Alipomaliza nikasema "Amina" kwa sauti nyembamba ya kike, nikidhani nimefanya akili sana.

"Lazima ale," akasema. Ndizi ikaingia chini ya blanketi. Ndizi mbivu, ya kwetu, inanukia nyumbani. Nilijua ni mwiko. Nilijua! Lakini hindi lilikuwa limeanguka, na tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu cha maana, na nikajiambia kwamba nikiwa nimefunikwa haihesabiki kuwa mbele yake. Nikaila. Ikaingia ya pili, nikaila. Ya tatu nilinyoosha mkono mwenyewe.

Akaanza upelelezi wake. "Haya niambieni, huyo fundi, ni mtu wa namna gani? Mwenye boma yangu, baba ya watoto, hajui niko hapa, nimemwambia naenda kuuza ndizi. Msiponiambia ukweli nyinyi, nani ataniambia?"

Wakaanza kunisifu. Mungu awabariki wote. Mwanamume mmoja wa mbele akasema Fundi hanywi pombe. Bibi wa upepo wa goti akasema Fundi anaimba kanisani (hakuwahi kunisikia, ndiyo maana). Mama Halima akasema, "Wallahi, ni kijana wa adabu, hata macho hainui," na mimi chini ya blanketi nikawa naitikia kwa kichwa kila sifa, mpaka mama akashtuka, "Huyu anatetemeka! Mushikeni!"

Nikaacha kuitikia. Lakini nilikuwa na furaha, jamani, niliona mambo yanaiva. Sauti ya mama ilikuwa imelainika kabisa, alikuwa ameanza kusema "mtoto yangu" badala ya "huyo fundi". Nilibakisha mtaa mmoja tu aridhike, ashuke aende zake.

Tukafika Bulapesa. Basi likasimama. Nikasikia fimbo inagonga ngazi, na sauti nzito, "Salaam aleikum."

Damu yangu ikaganda katika joto lile lote. Mzee Guyo.

Watu wakaitikia salamu, nikamsikia anakaa, na hakuna aliyewahi kumkonyeza kwa sababu mzee macho yake ya mbali yalikuwa yameshachoka. Mama hakupoteza wakati. "Mzee, wewe ni mtu mzima, huwezi kunidanganya. Unamjua fundi ya redio?"

"Huyo?" Fimbo ikapigwa chini. "Huyo namjua kuliko wewe! Redio yangu amekalia tangu mfungo ulipita, mfungo mwingine iko karibu! Nikienda, kesho, Mzee. Nikirudi, kesho, Mzee. Mvua imetangazwa sijui, bei ya ng'ombe imetangazwa sijui, habari ya dunia naambiwa na bibi yangu, na bibi yangu anaambiwa huko kwa maji! Mtoto yangu iko jeshi, zamani nilikuwa nakaa karibu na redio jioni nikifikiri labda watataja mahali yuko. Sasa nakaa tu."

Hiyo ya mtoto sikuwa nikiijua. Wallahi sikuijua.

"Kumbe ni mwongo," akasema mama polepole. Kile kiti kilichokuwa kimebonyea kwa upole nikakisikia kimekuwa kigumu. "Mtu wa kesho, kesho. Atamwambia mtoto yangu kesho, na watoto wake kesho. Basi. Blanketi lake abaki nalo ajifunike mwenyewe."

(Nilikuwa nimejifunika nalo wakati huo huo, mjue.)

Sasa hapo, mtu mwenye akili angenyamaza akafa kimya. Lakini niliona Nkirote ananiponyoka, niliona Baba mdogo anarudishiwa mbuzi wake, nikachanganyikiwa, na ule ugonjwa wangu ukanipanda wenyewe bila kuagizwa, nikajisikia napiga kelele kutoka chini ya sufu, kwa sauti yangu kamili:

"Spea haijafika!"

Sufu ile haikuzuia hata herufi moja.

"Mgonjwa amesema nini?" mama akauliza.

"Anaweweseka," akasema Ekai, sauti yake ikipasuka. "Homa imefika kwa ubongo."

Na pengine ningenusurika hata hapo, lakini baada ya Bulapesa kuna laga, yale mabonde ya mchanga ambayo ni mto siku ya mvua na barabara siku nyingine zote, na dereva, ambaye alikuwa ameacha kuangalia mbele kwa sababu ya kutuangalia sisi kwenye kioo, akaliingia laga lile kwa mbio zake zote. Basi likazama chini, likaruka juu. Na kiti cha nyuma ndicho kinachoruka kuliko vyote, aliyewahi kukikalia anajua. Mimi nilipaa. Nilipaa na blanketi, nikagusa paa kwa kichwa, blanketi likaenda zake na mimi nikaja zangu, na nilipotua nilitua mahali laini.

Nikafungua macho. Nilikuwa nimeketi mapajani mwa mama mkwe wangu, mkono wangu mmoja uko shingoni mwake, na mkono wa pili una ndizi. Tukatazamana. Ana macho ya Nkirote, yale yale. Jasho langu linamdondokea kwenye kitambaa.

Na Mzee Guyo, aliyegeuka kwa sababu ya kishindo, akanisogelea, akanikazia macho, uso ukamng'aa kwa furaha. "Fundi! Kumbe wewe! Redio yangu iko wapi?"

Sijui niliamkaje. Najua nilisema "Kesho, Mzee", kwa sababu ndiyo iliyotoka, halafu nikapita katikati ya watu mpaka mlangoni. Na nikiwa napita nikaona kitu ambacho sitakisahau. Mama Halima alikuwa amemnong'oneza Mzee Guyo neno moja, na mzee akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, "Sodda? Astaghfirullah!" (kwao Waborana pia neno ni karibu lile lile), akajifunika uso mzima kwa shali yake. Na wote wengine walikuwa wamejifunika. Basi zima! Vilemba, kanga, kofia, viganja, kila mtu amefunika macho, Ekai amefunika, hata dereva amefunika na basi bado linatembea. Walikuwa wananipa heshima ya kutokuona. Mabega yao tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

Nikaruka mchangani, nikaanguka, nikaamka, nikakimbia na ile suruali inanikamata miguu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka blanketi.

Usiku huo sikumwambia Baba mdogo kitu. Asubuhi, tukiwa tumeshapanda gari la mizigo kuelekea milimani, akauliza, "Blanketi?" nikamjibu, "Liko mahali salama, baba." Akaridhika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa naona guu langu linapanda mlima lenyewe kwenda kuvunjwa.

Tukapokelewa, tukapewa uji, wazee wakazungumza mafumbo yao. Wanawake wako ndani, na mama mkwe yuko huko nao, haonekani, kama inavyotakiwa. Asali ikapokelewa. Mbuzi wakatazamwa meno. Halafu baba yake Nkirote akasema, "Na blanketi la mama wa nyumba?" Baba mdogo akanigeukia, mkono ameunyoosha. Nikatazama chini. Nilitafuta uongo, na mimi ni fundi wa uongo, lakini siku hiyo hata "kesho" ilikataa kuja.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka shangazi wa Nkirote, ndiye aliyekuwa mdomo wa wanawake siku hiyo, akasimama akasema, "Mama anasema blanketi alishapokea."

Wazee wakatazamana. "Lini?" akauliza baba mkwe.

"Kijana alilituma mapema. Mama anasema ana haraka ya adabu."

Baba mkwe akaniangalia kwa heshima mpya. Baba mdogo akaniangalia kwa namna nyingine kabisa. Kwa mlango ule ulioachwa wazi niliona, kwa pembe ya jicho, kitu chekundu chenye mstari mweusi kimejifunga mabegani mwa mtu mfupi, mnene kidogo, amekaa karibu na moto.

"Lakini," akaendelea shangazi, na mdomo wake ulikuwa unacheza, "mama ana mambo mengine. Anataka mbuzi wa ziada. Hasemi ni wa nini, anasema kijana anajua." Nikaitikia kwa kichwa haraka haraka. "Na anasema yuko mzee mmoja huko Isiolo ana redio mbovu. Mama anasema msichana hatoki hapa mpaka aisikie hiyo redio ikiimba, kwa masikio yake mwenyewe, hapa nyumbani."

"Habari ya redio ameipata wapi?" akauliza baba mkwe.

"Sokoni. Akiuza ndizi."

Niliteremka mlima huo siku hiyo hiyo bila mke. Nikamwondoa kuku. Nikaifungua redio ya Mzee Guyo, na niwaambie ukweli, spea ilikuwa imefika zamani, ilikuwa kwenye mkebe wa misumari mbele ya pua yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda wa kunywa chai. Halafu nikaenda Bulapesa kumwomba mzee, kwa heshima zote, apande nami Nyambene na redio yake. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Akapanda amekumbatia redio kama mjukuu, amevaa makoti yake yote kwa sababu alisikia kule ni baridi, akawekwa kwenye kiti katikati ya uwanja wa wakwe zangu, akazungusha kitufe. Ikaimba! Ikaimba mpaka ng'ambo ya bonde, na Nkirote akatoka anacheka na kulia, na mzee akaongeza sauti, hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili, na kiapo nimekishika. Sipandi chombo chochote ambacho hakina mahali kinakokwenda, hata nikiambiwa ni bure. Na mteja akiniletea redio, neno kesho silitamki, bora niseme kazi imenishinda.

Mbuzi alishachinjwa zamani, mwiko ukalegezwa, na mama sasa ni mzee, akishuka Isiolo anakaa kwetu. Hajawahi kulitaja lile basi, hata mara moja. Ila kila akifika, kabla ya salamu, anaingiza mkono kwenye kiondo, anatoa ndizi, ananinyooshea akiangalia pembeni, na kusema, "Malaria imepona? Niliona siku ile, mgonjwa wa malaria hali ndizi namna hiyo." Nami naipokea kwa mikono miwili, natoka nje, naila nyuma ya nyumba.